Tuupe Ugonjwa Jina Lake Kabla ya Kuupa Dawa

Muhula huu mwalimu mwenzangu amerejea darasani. Amekonda, na anapopanda ngazi hulazimika kupumzika kabla ya kufika ghorofa ya pili, lakini amerejea, na wanafunzi wake wa Hisabati wamempokea kwa shangwe ambayo si ya kawaida kwa somo hilo. Mwaka uliotangulia jamaa zake walikuwa wakihesabu miezi aliyobakisha. Ni kweli kwamba aliponywa kwa kisu cha daktari mpasuaji. Hata hivyo, kabla ya kisu hicho kulikuwa na mtu mwingine ambaye hajapata kuonana naye hata leo, mtaalamu aliyeketi mbele ya hadubini mjini Nairobi, akazihesabu seli zilizoshika rangi ya kahawia, akaandika nambari moja tu katika karatasi. Nambari hiyo ndiyo iliyogeuza hukumu.

Amenipa idhini ya kukisimulia kisa chake bila ya kumtaja jina, nami nakisimulia kwa sababu kina funzo kwa walimu, kwa wanafunzi na kwa wale walioshika fungu la fedha za afya katika Kaunti hii ya Mombasa na katika serikali kuu.

Bibi huyu ni mkaazi wa Mji wa Kale, katika kichochoro kisicho mbali na Ndia Kuu. Ni mama wa watoto watatu na hajapata kuvuta sigara maishani mwake. Kwa muda wa miaka miwili alikohoa na kukoroma kifua. Mahali pa kwanza aliambiwa ana pumu, akapewa dawa ya kuvuta. Mahali pa pili aliambiwa ni kifua kikuu, ingawa makohozi yake hayakuonyesha vijidudu vya ugonjwa huo, naye akazimeza dawa kwa miezi 6 pasipo kukosa hata siku moja. Majirani walinong'ona juu ya husuda. Mama yake mzazi alimnywesha kombe, jambo ambalo silidharau, kwa maana mgonjwa huhitaji moyo kama ahitajivyo dawa. Kisha asubuhi moja, chaki i mkononi, akakohoa damu mbele ya darasa.

Hapo ndipo alipopigwa picha ya CT, nayo ikaonyesha uvimbe mdogo kandokando ya njia kuu ya hewa ya pafu la kulia. Akaingizwa mpira wenye kamera kupitia kooni, na kipande cha nyama kisichozidi punje ya mchele kikanyofolewa. Majibu ya awali yalikuwa mafupi na ya kutisha: saratani ya seli ndogo. Msomaji asiyeifahamu aina hiyo na ajue kwamba ni miongoni mwa saratani kali mno za mapafu. Huenea upesi, aghalabu haipasuliwi, na hutibiwa kwa dawa nzito za sumu pamoja na miale. Familia iliambiwa ijitayarishe. Siku ya kuanza dawa ikapangwa.

Daktari mmoja kijana ndiye aliyesita. Aliomba aletewe picha za zamani za kifua, zile zilizopigwa wakati wa matibabu ya pumu. Akaziweka pamoja na mpya, akauona uvimbe ule ule, mahali pale pale, na ukubwa karibu ule ule, ilhali miaka miwili imepita. "Mama," alimwambia, "ungekuwa na ugonjwa huu ulioandikwa hapa, hatungekuwa tukizungumza leo." Akaandika ombi kwamba kipande kile cha nyama kipimwe tena kwa alama za protini. Kipande kikasafirishwa Nairobi, mwendo wa kilomita zipatazo 480. Jamaa na walimu tukachanga fedha. Tukangoja siku 19.

Je, ni alama gani hizi, na zina uwezo gani hata zikaweza kuipindua hukumu ya awali? Nitajaribu kulieleza jambo hili kama nilivyokuwa nikilieleza darasani siku zangu za kufundisha Biolojia.

Ndani ya njia zetu za hewa mna seli chache zenye tabia mbili kwa pamoja: tabia ya neva, zinazopeleka habari, na tabia ya tezi, zinazotoa homoni. Wataalamu huziita seli za nyuroendokrini. Seli zenye tabia hiyo zimo pia katika utumbo, kongosho na sehemu nyingine za mwili. Mwaka 1907 mwanapatholojia wa Ujerumani, Siegfried Oberndorfer, aliandika juu ya vivimbe vidogo vya aina hii alivyovikuta katika utumbo. Akaviita karsinoidi, maana yake vitu vinavyofanana na saratani, kwa kuwa alidhani havina madhara. Mwaka 1929 yeye mwenyewe alikiri kwamba vingine huweza kuenea na kuua. Tangu hapo swali limekuwa lile lile: huu tunaouona ni mpole au ni mkali?

Katika mapafu, ukoo wa vivimbe hivi una watu wanne. Wa kwanza ni karsinoidi ya kawaida, iliyo pole kuliko wote, ambayo huwapata hata watu wasiovuta sigara. Wa pili ni karsinoidi isiyo ya kawaida, ambayo ni kali kidogo. Wa tatu ni saratani ya nyuroendokrini ya seli kubwa, na wa nne ni saratani ya seli ndogo. Hawa wawili wa mwisho ni wakali sana, na wana uhusiano mkubwa na tumbaku. Anayeondolewa karsinoidi ya kawaida kwa upasuaji ana matumaini makubwa. Takriban watu 9 kati ya 10 huwa hai baada ya miaka 5. Kwa saratani ya seli ndogo iliyokwisha kuenea, wanaofika miaka hiyo hawafiki mmoja kati ya 10. Ukoo mmoja, majaliwa mbalimbali.

Kanuni ya kuwatenga hawa wanne imewekwa na Shirika la Afya Duniani. Mtaalamu huzihesabu seli zinazogawanyika katika eneo la milimita mbili za mraba, na huangalia kama kuna sehemu za uvimbe zilizokufa. Zikiwa chini ya 2, na hakuna sehemu iliyokufa, hiyo ni karsinoidi ya kawaida. Zikiwa kati ya 2 na 10, au pakiwa na sehemu zilizokufa, ni ile isiyo ya kawaida. Zikizidi 10, basi ni mojawapo ya zile saratani kali mbili. Sisi walimu twaujua uzito wa daraja. Mtahini akimpa mwanafunzi daraja lisilo lake, njia yote ya maisha ya kijana huyo yaweza kupinda. Vivimbe navyo hupewa daraja, na mtahini wake naye huweza kukosea.

Hukosea vipi? Kipande cha ukubwa wa punje ya mchele huenda kisitoshe kuhesabia milimita mbili za mraba za uvimbe. Isitoshe, kinaponyofolewa kwa koleo hubanwa, na seli zake zikapondeka, zikaonekana nyeusi, ndogo na zilizosongamana. Karsinoidi pole iliyopondeka huweza kufanana kabisa na saratani ya seli ndogo. Huu ni mtego unaojulikana na wanapatholojia ulimwenguni kote, na si fedheha ya hospitali moja.

Hapa ndipo protini zinapoingia. Kila seli hutengeneza protini kulingana na kazi yake. Kwa hiyo ukijua protini iliyomo, wajua seli ni ya ukoo gani na inafanya nini. Mwaka 1975 Georges Köhler na César Milstein, wakiwa Cambridge, Uingereza, waligundua njia ya kutengeneza kingamwili za aina moja tu, kila moja ikishika shabaha yake na kuacha nyingine zote. Walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1984. Katika maabara, kipande cha nyama huhifadhiwa kwa fomalini, hugandishwa katika nta na kukatwa vipande vyembamba mno, kisha hutiwa kingamwili. Ikiwa protini inayotafutwa imo, kingamwili hushika, na rangi ya kahawia hutokea. Ikiwa haimo, rangi haionekani.

Alama hizi ni za namna mbili. Kuna zile zinazotaja ukoo, nazo ni kromogranini A, sinaptofisini, CD56 na INSM1. Hizi zikishika, mtaalamu hujua kwamba uvimbe ni wa nyuroendokrini, lakini peke yake hazimwambii kama ni mpole au mkali. Kuna na ile inayotaja mwendo, iitwayo Ki-67. Protini hii huonekana katika kiini cha seli iliyo katika safari ya kugawanyika, na hutoweka seli inapopumzika. Iligunduliwa mwaka 1983 na Johannes Gerdes na wenzake katika mji wa Kiel, Ujerumani. Herufi mbili za mwanzo ni za mji huo, na 67 ni nambari ya kitundu cha sahani ya maabara ilimopatikana kingamwili yake. Katika karsinoidi ya kawaida, seli zenye Ki-67 aghalabu hazizidi 5 katika kila 100. Katika saratani ya seli ndogo huwa zaidi ya nusu, na mara nyingi ni karibu zote.

Wakaazi wa Mji wa Kale watalielewa jambo hili upesi, kwani wamekulia jirani na masonara. Sonara stadi hakubali kutaja bei ya bangili kwa kuitazama tu. Huisugua juu ya jiwe jeusi, akaidondoshea tindikali, kisha akautazama mstari uliobaki. Rangi ndiyo imwambiayo karati. Jicho lake ni zuri, lakini jiwe ni shahidi asiyemwonea haya mtu.

Ni haki niongeze tahadhari, maana elimu nusu ina hatari yake. Katika vivimbe vya utumbo na kongosho, Ki-67 ni sehemu rasmi ya kanuni ya kutoa daraja: chini ya asilimia 3 ni daraja la kwanza, kutoka 3 hadi 20 ni la pili, na zaidi ya 20 ni la tatu. Katika mapafu, kanuni rasmi bado ni ile ya kuhesabu seli zinazogawanyika na kuangalia zilizokufa. Ki-67 haikuchukua mahali pake. Ni msaidizi, na msaada wake mkubwa kabisa ni huu wa kuzuia karsinoidi isiitwe saratani kali pale kipande kilipokuwa kidogo au kimepondeka. Zaidi ya hayo, rangi huweza kudanganya. Nyama ikichelewa kutiwa fomalini, protini huharibika. Kingamwili isipohifadhiwa kwa baridi ipasavyo, hulegea. Kwa hiyo maabara yenye sifa hupima kila mara, sambamba na kipande cha mgonjwa, kipande kingine ambacho jibu lake linajulikana, ili ijue kama rangi yenyewe inafanya kazi. Mwalimu wa Fizikia atalitambua jambo hilo.

Majibu ya mwalimu mwenzangu yalikuja hivi: kromogranini imeshika, sinaptofisini imeshika, Ki-67 ni chini ya 2 katika 100. Dawa za sumu zikasimamishwa kabla ya chupa ya kwanza kutundikwa. Alipasuliwa, akaondolewa sehemu ya pafu, na uvimbe mzima ulipochunguzwa kwa kanuni kamili ukathibitishwa kuwa karsinoidi ya kawaida.

Wapo watakaosema kwamba vipimo hivi ni anasa. Wataniuliza, tutazungumzaje juu ya kingamwili za Ulaya ilhali zahanati zetu hukosa hata dawa za kawaida? Hoja hiyo ina uzito, nami siipuuzi. Lakini na tupige hesabu. Dawa za saratani zilizotolewa kwa ugonjwa usiokuwapo ni fedha zilizotupwa, na juu yake ni nywele zilizonyonyoka, damu iliyopungua na mshahara uliokatika. Miezi 6 ya dawa za kifua kikuu kwa asiye na kifua kikuu nayo ina gharama yake. Kipimo kimoja kilichofanywa mapema ni nafuu kuliko matibabu mawili yasiyo na maana. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Wala si kweli kwamba elimu ya kuutaja ugonjwa ni ya Ulaya peke yake. Jirani yetu Uganda alitoa funzo hili zamani. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa hospitali ya Mulago mjini Kampala, aliandika juu ya vivimbe vya taya vilivyokuwa vikiwaua watoto. Wapasuaji walikuwa wakivikata, navyo vikirudi. Wanapatholojia wa Kampala walipovichunguza chini ya hadubini waliona kwamba vile vya taya, vya tumboni na vya mahali pengine vilikuwa ugonjwa mmoja, yaani saratani ya seli za limfu. Ilipojulikana hivyo, ikafahamika pia kwamba dawa zingeweza kufanya lile ambalo kisu kilishindwa. Watoto wengi wakapona. Jina sahihi lilitangulia, tiba ikafuata. Kazi hiyo ilifanyika hapa hapa Afrika Mashariki.

Basi naomba mambo manne.

La kwanza ni kwa serikali ya kaunti na serikali kuu. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kupata kiwango cha juu cha afya kinachowezekana. Tangu mwaka 2012 tuna Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Saratani. Viongozi wetu hupenda kukata utepe mbele ya mashine kubwa za miale, na mashine hizo ni za lazima. Lakini mashine hupiga pale inapoelekezwa, na anayeielekeza ni mwanapatholojia. Hospitali Kuu ya Mafunzo na Rufaa ya Pwani, hapa hapa kisiwani, huhudumia wagonjwa kutoka Lamu hadi Kwale. Maabara yake ipewe wataalamu, kingamwili na umeme usiokatika kwa uzito ule ule unaopewa mashine. Na pale ambapo mtaalamu hayupo, picha za hadubini zitumwe kwa aliye mbali, ili nyama na mgonjwa wasilazimike kusafiri.

La pili ni kwa Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024. Kipimo cha kuutambua ugonjwa kihesabiwe kuwa sehemu ya tiba ya saratani, na mgonjwa aelezwe waziwazi ni vipimo gani vinalipiwa. Kulipia dawa na kusahau kipimo kinachoichagua dawa ni kununua kufuli na kuacha ufunguo dukani.

La tatu ni kwa jamaa za wagonjwa. Hifadhini kila picha na kila karatasi. Ni picha kuukuu, iliyowekwa chini ya godoro, iliyomwokoa huyu bibi. Ulizeni: je, uvimbe umepimwa alama? Je, kile kipande cha nta kimehifadhiwa? Kipande hicho hukaa miaka mingi pasipo kuharibika, na mgonjwa ana haki ya kuomba kisomwe na jicho la pili. Kumwuliza daktari si kumvunjia heshima. Aliye mkweli katika kazi yake hufurahi kuulizwa.

La nne, na ndilo lililo karibu zaidi na moyo wangu, ni kwa walimu na wanafunzi. Mwanafunzi anapoutazama utando wa kitunguu chini ya hadubini ya shule, na kuziona seli zimepangwa kama matofali, huwa amekwisha kuanza kazi ya mwanapatholojia. Lakini ni nani amwambiaye? Twawataka wawe madaktari wa kuvaa koti jeupe wodini, au wahandisi, au mawakili. Ni nadra kumsikia mzazi akimwombea mwanawe awe mtu wa maabara. Matokeo yake ni kwamba nchi hii ina wanapatholojia wachache mno, na wengi wao wako Nairobi. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, pale Tudor, kilichokuwa zamani MIOME na baadaye Polytechnic, hufundisha sayansi ya maabara ya tiba. Wapelekeni wanafunzi wenu wakaione kazi hiyo. Wapeni hadubini waishike, badala ya kuifungia kabatini hadi siku ya mtihani. Na mnapowafundisha juu ya tumbaku, waambieni kweli yote: kwamba saratani ya seli ndogo, iliyo kali kuliko jamaa zake, ni nadra sana kumpata asiyevuta.

Juma lililopita nilimtembelea mwalimu mwenzangu kwake, tukanywa kahawa barazani. Nilimwuliza angependa niwaambie nini wasomaji. Alifikiri kidogo, kisha akasema: "Waambie lile niwaambialo wanafunzi wangu kila siku. Jibu likishapatikana, lihakikini kabla ya kukabidhi karatasi."

Sina la kuongeza juu ya hilo, ila kuwakumbusha wenye mamlaka kwamba kuhakiki jibu kuna gharama yake, na gharama hiyo haifai kuachiwa michango ya walimu na majirani. Wako wengine hivi sasa, katika Kuze, Kibokoni, Majengo na ng'ambo ya kivuko cha Likoni, wanaovuta dawa ya pumu au kumeza vidonge vya maradhi wasiyokuwa nayo. Nao wana haki ya kuambiwa jina la kweli la kinachowasumbua, mapema, na karibu na nyumbani.